Mkono wa Ndani

Mjomba alinipigia simu akasema nyumba ya bibi inabomolewa, nije Wingwi, Pemba, na ramani ya nyumba mpya. Kazi yangu siku hizi ndiyo hiyo, kuchora ramani za nyumba za watu. Sikuisomea popote. Nilijifunza mwenyewe kwenye kompyuta ya kuazima na kwa kuzikodolea macho nyumba za wengine, na kwa sababu sikuisomea, kila ramani ninayoitoa mkononi huniacha na wasiwasi. Hii ya kwetu niliichora, nikaifuta, nikaichora tena, mpaka mjomba akaniuliza kama nachora nyumba au naifufua ngome ya kale ya Pujini.

Nilipofika, mabati yalikuwa yameshashushwa na ukuta wa mbele uko chini. Harufu ya udongo mkavu ilinipokea kabla ya watu. Mjomba alikuwa ameshika pakacha kuukuu, lile lililokuwa likining'inia kwenye kombamoyo la paa la chumba cha bibi, analipekua. Akatoa kipande cha kanga, kisha kata ya kuchotea maji, kisha donge la udongo mwekundu kiasi cha kipande cha sabuni. Kanga na kata aliviweka kando. Donge akalitupa kwenye kifusi.

Nililikimbilia kama mtu aliyeona mtoto anaanguka. Mjomba akacheka, akasema udongo tu huo. Nikaligeuza. Upande mmoja ulikuwa na vishimo vya duara, vidogo, kila kimoja kinatosha kubeba punje moja ya choroko, vimejipanga safu mbili, sawasawa kabisa. Hakuna kidole cha mtu kinachoweza kutoboa namna ile.

Rafiki yangu, kaa kidogo nikueleze vishimo hivyo vimetoka wapi. Ni habari ya shindano tuliloshindwa, na katika utoto wangu wote sina jambo ninalojivunia zaidi ya hilo.

Nililelewa na bibi. Alfajiri nilikuwa nikifagia uwanja, nikichota maji, kisha skuli. Jioni chuoni kusoma Kurani, na nikirudi nakuna nazi. Nilikuwa mtoto wa wasiwasi. Niliwahi kuzipanga kuni za bibi kwa urefu, kubwa chini na ndogo juu, na mtu akichomoa moja bila mpangilio nilikuwa sili vizuri siku hiyo. Ndiyo maana bibi alinipa jina la Kadhi. Alisema sijaona kitu nisichokihukumu.

Basi siku moja akaja skuli dada mmoja kutoka Chake, aliyekuwa akifanya kazi na mradi wa michezo ya watoto. Alileta mifuko ya vitofali vya plastiki, vya rangi, vyenye vichwa vidogo vya duara juu na matundu chini, ili kimoja kikae juu ya mwenzake. Kila kitongoji cha shehia yetu kilipewa mfuko mmoja, mifuko yote sawa. Sharti lilikuwa jepesi: watoto na wakubwa wao wajenge kitu ambacho kitongoji chao kinajivunia, kwa vitofali hivyo tu. Kisha vyote vitawekwa uwanjani skuli na kuamuliwa. Kitakachoshinda kitabaki na vitofali vyake. Wengine watavirudisha, maana watoto wa Micheweni nao walikuwa wanavisubiri.

Mwalimu alinikabidhi mimi mfuko wa kitongoji chetu, kwa kuwa alijua sitopoteza hata kimoja. Sijui nikwambieje nilivyovipenda. Ukikikandamiza kimoja juu ya kingine kilikuwa kikilia *tak*, kikakaa, na hakikukaa upande wala kupinda. Nilikuwa nimeishi miaka yangu yote kati ya vitu visivyonyooka, milango inayokwama, mikeka inayopinda pembe, herufi zangu mwenyewe zinazoteremka kwenye mstari, na sasa nilikuwa nimeshika kitu kisichokosea. Nilitaka kibaki kwetu. Nilitaka hivyo kwa namna inayoumiza kifua.

Nilifika nyumbani mbio nikamweleza bibi, alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Alikipokea kitofali kimoja, akakipapasa, akasema kina chunusi. Akauliza kama ni vyetu. Nikamwambia tukishinda ni vyetu, tusiposhinda vinarudi.

"Nguo ya kuazima haisitiri matako," alisema, akaendelea kukuna.

Jioni hiyo wakubwa walikutana kwenye baraza yake kuamua tujenge nini. Kitongoji cha pili tulijua watajenga ng'ombe, kwa sababu walikuwa na dume lililosifiwa katika mchezo wa ng'ombe mpaka watu wa kusini wakaja kulitazama. Sisi hatukuwa na dume. Sisi tulikuwa na jina la kukandika. Mtu akitaka nyumba yake isimame vizuri, popote pale Wingwi, alikuwa akituma salamu kwetu, na kitongoji kizima kinakwenda. Kwa hiyo hapakuwa na ubishi. Tujenge nyumba.

Kama hukuwahi kuona kukandika, nikueleze, kwani sasa huenda usikuone. Kwanza zinasimama nguzo, zinafungwa fito kwa kamba, nyumba nzima inakuwa tenga ambalo upepo unapita. Udongo mwekundu unakanyagwa tangu asubuhi, wanaume na watoto miguu imezama, na unalia *pwata, pwata* mpaka unakuwa laini kama unga wa mkate uliokandwa. Wanawake wanachota maji na kupika. Muhogo wa nazi na samaki wa ng'onda unaokula siku ya kukandika, na mikono bado ina udongo kwenye kucha, sijaupata tena kwingine. Kisha wanajipanga wawili wawili. Mmoja anakuwa nje, mmoja ndani. Wa nje anapiga donge kwenye fito, wa ndani ameweka kiganja kulipokea, ili lisipite likaanguka. Wanakwenda hivyo toka chini mpaka juu, na wa ndani hamwoni mwenzake, anamjua kwa msukumo wa mkono tu. Mimi nilikuwa nikiwekwa ndani kwa sababu ya udogo wangu. Nakumbuka mianga ikizibwa mmoja mmoja, giza linaingia kidogo kidogo, na kiganja changu kinapokea uzito wa mtu niliyekuwa sijui ni nani.

Bibi alikuwa na neno lake: ukuta wa mkono mmoja ni wa banda la kuku.

Kujenga nyumba ya vitofali niliachiwa mimi. Nilikaa ukumbini nikijenga na kubomoa. Nilitaka chumba na ukumbi, baraza mbele, ua nyuma, na choo pembeni mwa ua. Kila mara vitofali vilikuwa vinaisha kabla ya nyumba. Nikipata baraza nakosa ua. Nikipata ua, kuta zinafika magotini. Mwishowe nikafuata picha iliyokuwa juu ya mfuko, nikapata kinyumba cha kuta nne zilizonyooka, mlango mmoja, rangi zimepangwa vizuri, hakuna kilichotokeza. Nilikitoa nje kwa mikono miwili, na wakubwa wakakizunguka.

Walikitazama kwa adabu kwa muda. Kisha jirani wa mbele, mama mwenye sauti inayofika kisimani, akauliza, "Yakhe, hii nyumba au kabati?"

Watu walicheka mpaka wengine wakashika nguzo. Bibi hakucheka. Aliinama akachungulia, akaniuliza kwa upole mgeni akija ataketi wapi, na yeye mwenyewe, bibi, akitaka kutoka kwenda kwa jirani itambidi apite mbele ya wanaume, maana mlango wa uani hauoni. Nililia. Ningelia kidogo kama wangekuwa wananionea. Nililia sana kwa sababu walikuwa wanasema kweli.

Alingoja nimalize. Kisha akasema kwamba kama vitofali havitoshi, udongo uko.

"Bibi, sharti ni vitofali tu," nilimwambia.

"Nimesikia."

"Watatutoa."

"Wakitutoa, vyao vitarudi kwao. Na sisi tutarudi na nini?"

Akanieleza alivyowaza. Nyumba kubwa hukandikwa kwa mikono miwili, lakini ndani ya nyumba hii mkono wa mtu hauingii. Basi vitofali vya watu ndivyo vitakuwa mkono wa ndani. Viwekwe safu nyembamba kuzunguka nyumba yote, baraza na ua na kila kitu, fito zisimame nje yake, na udongo upigwe kutoka nje. Kwa njia hiyo vitatosha. Kisha akanitazama usoni.

"Mfuko umepewa wewe, Kadhi. Hukumu."

Ningependa kukwambia niliamua kwa ushujaa. Niliamua kwa sababu ya lile neno kabati, ambalo mpaka leo likitajwa hushtuka. Nilijua sharti. Nilijua kwamba donge moja la udongo linatosha kuninyima kitu nilichokitaka kuliko vyote. Nikasema haya, tukandike.

Siku ya kukandika ilikuwa Ijumaa, baada ya sala. Nilidhani watakuja wachache, kwani udongo wote uliohitajika ulijaa bakuli moja. Walikuja wote. Jirani wa mbele alipika sufuria kubwa ya muhogo kana kwamba tunajenga msikiti. Mzee aliyekuwa bingwa wa kushona makuti alikaa kitako na vijiti na ukindu, akashona vikuti vidogo vya urefu wa kiganja, ulimi umetoka nje kidogo kwa umakini. Wanaume wawili walizozana juu ya upana wa mlango, mmoja anasema jeneza halitapita, mwingine anasema nani afe humo, mpaka bibi akawaambia nyumba isiyopitisha jeneza haipitishi bibi harusi pia, upanueni. Ukapanuliwa.

Mimi nilisimamisha vitofali. Bibi alichukua udongo kwa ncha ya kidole akaupaka. Rangi ya samawati ikafunikwa na wekundu, na mimi nikafumba macho. Kisha wakaja wengine, mmoja mmoja, kila mtu na donge lake dogo, mpaka pasiwe na mtu wa kitongoji ambaye kidole chake hakikugusa ukuta ule. Walipomaliza wote, jirani wa mbele aliomba kitofali kimoja kilichobaki, akakigeuza chini juu, akakigandamiza kwenye udongo mbichi juu ya mlango. Kikaacha vishimo safu mbili. Akasema nyumba ya watu wenye heshima lazima mlango uwe na nakshi.

Tuliianika kivulini. Nilikuwa nikienda kuitazama kila nilipopata upenyo, na nilipoona nyufa za kwanza nilimkimbilia bibi nikihema. Alizipaka maji kwa kidole, akasema ukuta nao unapumua.

Siku ya shindano iliwekwa meza ndefu uwanjani skuli. Ng'ombe wao alikuwa hapo tayari, mwekundu, kichwa cha mraba kama redio, lakini pembe zake mbili zilisimama kwa uhodari, na ukimtazama kwa mbali alikuwa ng'ombe kweli. Nyumba yetu tuliibeba juu ya sinia. Watoto wao walituona, wakaanza. Walisema nyumba yetu ikinyeshewa itaota muhogo. Jirani wa mbele akawajibu kwamba ng'ombe wao hata majani hali, ana mdomo wa droo.

Dada wa Chake alikuwa ameshaanza kutukaribisha sote, anasema maneno yake mazuri, bibi alipopita mbele ya watu, akaishika sinia, akaizungusha nusu. Mwalimu alikohoa. Bibi akaeleza, bila kuinua sauti, kwamba nyumba ilivyowekwa, choo kilikuwa kinaelekea kibla. Dada akasema samahani, Bi Mkubwa. Akaendelea.

Waliamua watatu, dada, mwalimu na sheha. Walizunguka meza wakinong'ona. Kwa nyumba yetu walisimama muda mrefu. Sheha alicheka alipoiona nakshi. Mwalimu alilinyanyua paa la makuti, akaona vitofali ndani, akalirudisha taratibu. Nikaanza kuamini. Hilo ndilo kosa langu la siku zote, huogopa mpaka mwisho, kisha huamini dakika mbaya.

Ng'ombe alishinda. Dada alisema yeye mwenyewe, na alitutazama alipokuwa anasema, kwamba sharti lilikuwa vitofali tu. Nilikuwa nimemwambia bibi hivyo hivyo. Nilikuwa sahihi, na usahihi ule haukunifaa kitu. Kitongoji cha pili kiliruka juu. Watu wetu walianza kunung'unika, mmoja akataka kusimama aseme, bibi akamzuia kwa mkono.

"Kaa. Sharti ni sharti. Wapeni vyao."

Kwa hiyo ilibidi vitolewe pale pale, dada ahesabu mfuko wake. Wakatafutwa wenye mikono midogo. Nilikuwa mimi. Nilimwambia bibi sitaki, nyumba itaanguka. Akaniinamia sikioni.

"Siku ya kukandika," alisema, "udongo ukishakauka, wa ndani hufanya nini?"

"Huondoa mkono," nilimjibu.

"Basi."

Paa likanyanyuliwa. Niliingiza vidole ndani, nikavuta kitofali cha safu ya juu. Kililia kidogo, kikatoka safi, maana udongo ulipokauka ulikuwa umejikunja ukaachana nacho. Nikavuta kingine. Hata wale wa ng'ombe walisogea karibu. Nilitoa vya chumba, nikatoa vya ukumbi, vya ua, na kila nilipovuta nilisikia unga wa udongo unamwagika na nikasema sasa inaanguka. Kilipobaki kimoja, kile cha pembe ya mlango, bibi akanishika kifundo cha mkono, akaacha mkono wake pale. Nikavuta.

Ukuta haukutikisika. Tulirudisha paa juu yake, na nyumba ikasimama peke yake kwenye sinia, chumba na ukumbi, baraza na ua, udongo wetu na fito zetu na makuti yetu. Hakukuwa na kitu cha mtu ndani yake.

Dada wa Chake alipiga magoti mbele ya meza, akasogeza uso wake kwenye ule mlango mdogo, akasema taratibu, "Hodi."

"Karibu, mwanangu," bibi akamjibu nyuma yangu. "Kaa barazani."

Hapo ndipo uwanja ulipolipuka, na waliocheka zaidi ni wale wa ng'ombe. Walitusaidia kuibeba mpaka nyumbani, wakipokezana sinia, wanagombana nani aingie nayo kitongojini. Mimi nilitembea nyuma mikono mitupu. Vitofali vilikuwa vimeshaingia kwenye mfuko wa dada, na nilikuwa nikingoja ule uchungu unijie kifuani. Haukuja. Nilichokisikia kilikuwa kipya kwangu, na kilinichukua miaka kukipa jina. Nilikuwa naringa.

Ng'ombe wao alipungua mguu mmoja mmoja, kama vitu vya watoto vinavyokwisha. Nyumba yetu ilikaa ukumbini kwa bibi, wageni wanaonyeshwa kabla ya kupewa chai. Ilidumu mpaka masika moja bati lilipovuja juu yake nasi hatupo. Bibi aliurudisha udongo wake shambani. Kumbe kipande cha juu ya mlango alikihifadhi, akakitia pakachani, asimwambie mtu. Sasa hayupo, na jirani wa mbele hayupo, na yule mzee wa makuti vidole vyake havikunji tena.

Nyumba mpya ya mjomba ni ya matofali ya saruji. Nami sitaki kuilalamikia, kwani ramani ni yangu, na ina baraza ya kukaa watu sita, ina mlango wa uani, na choo nilikigeuza mwenyewe. Lakini ilijengwa na fundi mmoja na vijana wake wawili. Hakuna aliyetuma salamu vitongojini. Hakuna sufuria iliyopikwa. Saruji haihitaji kitongoji, na watu wasipohitajiwa kwa muda mrefu huacha kujua kwamba walikuwa wakijua. Niliwauliza vijana wale kama wamewahi kukandika. Mmoja aliniuliza ndiyo nini.

Siku ya kupiga plasta nilikuwa chumbani, kile kilichosimama mahali pa chumba cha bibi, natafuta makosa yangu na kipimo mkononi. Fundi alikuwa nje. Nilisikia mwiko wake unapita upande wa pili wa ukuta, *shwaa*, kimya, *shwaa*. Donge la nakshi lilikuwa mfukoni mwangu. Nikaweka kipimo chini, nikakiweka kiganja ukutani, pale nilipodhani mkono wake upo, nikakiacha.

Fundi alichungulia dirishani kutafuta ndoo, akaniona.

"Dada, unafanya nini huko ndani?"

"Nashika ukuta."

"Huu haushikwi," alisema. "Huu wa saruji."

Nilimwambia najua. Alirudi kwenye kazi yake, na mkono wangu sikuuondoa mpaka alipomaliza.